MALALO YA WAZEE WETU NI BUKU LA JAMAA ZETU

Hotuba ya makatekista siku ya Yubile ya parokia





Komite ya Yubile imewaomba makatekista waseme neno juu ya kazi waliyopewa mwaka huu: kusafisha malalo ya zamani ya misioni, kutambua makaburi ya wazee wetu, na kuyalinganisha na mabuku ya parokia. Tumesimama basi mbele yenu kutoa habari ya kazi ile. Tutasema sababu gani kazi hii inafaa siku ya Yubile, na namna gani kila jamaa inaweza kuiendesha yenyewe. Tena tutataja shauri moja gumu tulilolikuta ndani yake, ambalo makatekista peke yao hawawezi kulikata.

Wapo waliotuuliza: «Yubile ni siku ya furaha, mbona mnatuongoza makaburini?» Jibu tunalipata katika Biblia. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, Mungu aliwaagiza Waisraeli kuutakasa mwaka wa 50. Mwaka ule tarumbeta ilipigwa katika inchi nzima, watumwa walipewa uhuru, shamba lililouzwa lilirudi kwa mwenyewe, na kila mtu alirudi kwa jamaa yake. Ndiyo maana ya kwanza ya Yubile: mtu kurudi kwa watu wake. Lakini atarudije kwa watu asiowajua? Na atasemaje kwamba anawajua, kama hawezi kumwonyesha mtoto wake mahali walipolazwa?

I. WAZEE WA IMANI NA MAKABURI YAO

Baba yetu Abrahamu alikuwa mgeni katika inchi ya Kanana. Mkewe Sara alipokufa, alisimama mbele ya Wahiti akaomba mahali pa kumzika. Efroni alitaka kumpa bure, lakini Abrahamu hakukubali. Alipima shekeli 400 za feza mbele ya mashahidi, akanunua pango la Makpela pamoja na shamba na miti yake. Tuangalie vizuri jambo hili: udongo wa kwanza ambao Abrahamu aliupata kuwa wake katika inchi ya ahadi ulikuwa mahali pa kaburi.

Yakobo alipokaribia kufa kule Misri, mbali na kwao, aliwaita wana wake akawatajia waliolala katika pango lile: Abrahamu na Sara, Isaka na Rebeka, na Lea. Hatusomi kwamba palikuwa na maandiko juu ya jiwe. Kinywa cha mzee ndicho kilichokuwa buku. Yosefu naye aliwaapisha ndugu zake kwamba mifupa yake isibaki ugenini. Musa akaichukua siku ya kutoka Misri, na mwisho ikazikwa Sikemu. Vizazi vingi vilipita katikati, lakini neno la Yosefu halikupotea, kwa sababu kila kizazi kilikipokeza kizazi kilichofuata.

Kanisa limeshika desturi ile. Kuzika wafu limekuhesabu kati ya matendo ya huruma. Tangu Mtakatifu Odilo wa Cluny, mwisho wa karne ya 10, siku ya 2 Novemba imewekwa kwa ajili ya marehemu wote. Tena Kanisa linatoa rehema kwa mkristu anayezuru malalo na kuwaombea wafu tangu tarehe 1 mpaka tarehe 8 ya mwezi ule. Basi anayetafuta kaburi la mzee wake ili amwombee hafanyi mambo ya kipagani. Anafanya kazi ya mkristu.

II. NANI WAMELALA PALE

Mapadri Weupe, wana wa Kardinali Lavigerie, walifika upande wetu wa ziwa la Tanganika mwaka 1880, wakakaa Mulweba. Mwaka 1883 walianzisha Kibanga, iliyoitwa pia Lavigerieville. Mwaka ule ule Mbelgiji Storms alijenga boma Mpala, na mwaka 1885 boma lile likatiwa mikononi mwa Mapadri. Mwaka 1893 Padri Victor Roelens, aliyekuwa baadaye Askofu wetu wa kwanza, alianzisha Baudouinville, ambayo leo twaiita Kirungu. Kutoka vituo vile mbegu ya Injili ilipanda milima ya Marungu, ikafika hata kwetu.

Siku zile hazikuwa za amani. Wakamata-watumwa walikuwa wakichoma vijiji na kuwafunga watu shingo kwa shingo. Mapadri waliwakomboa watoto na watu wazima waliokuwa wakiuzwa, wakawakusanya katika vijiji vya misioni. Kapiteni Leopold Joubert, askari wa zamani wa Baba Mtakatifu, alikuja kuwalinda. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, binti wa inchi hii, wala hakurudi tena Ufaransa mpaka kufa kwake, tarehe 27 Mei 1927. Mtoto wao Albert, aliyezaliwa mwaka 1908, alipata upadri, akauawa Fizi tarehe 28 Novemba 1964 wakati wa uasi. Tarehe 18 Agosti 2024, kule Uvira, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye heri pamoja na wamisionari watatu Waksaveri waliouawa siku ile ile. Mwingine ni Padri Stefano Kaoze, aliyepadrishwa Baudouinville tarehe 21 Julai 1917, wa kwanza kati ya wana wa Kongo katika nyakati zetu.

Majina ya wale tunayajua, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini wenzao je? Nani alifinyanga matafali ya kanisa la kwanza? Nani walipiga makasia usiku, padri akienda kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu? Waalimu wa kwanza, waliotembea na katekisimu ndani ya mfuko wa ngozi, wamelala wapi? Mwanzo wa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliviharibu vijiji vya kando ya ziwa. Mwaka 1918 mafua makali yalizunguka ulimwengu mzima, hata kwetu. Watu wa siku zile walizikwa kwa haraka, wengi kwa mara moja, nao waliobaki hai hawakuwa na nguvu ya kuchonga jiwe. Hao ndio wankambo wetu. Wametuachia imani bila kutuachia majina yao juu ya kaburi.

III. NAMNA MALALO YALIVYOPANGWA

Anayeingia katika malalo ya misioni anaona majani na vichuguu tu. Lakini mapadri wa zamani hawakuzika ovyo. Walifuata Sheria za Kanisa, na tangu mwaka 1917 sheria zile zilikusanywa katika kitabu kimoja. Anayezijua anaweza kusoma malalo kama mtu anavyosoma ukurasa.

Kanuni 1209 iliagiza kwamba mapadri na watumishi wa altare wawe na mahali pao pa pekee, na kwamba watoto wachanga wawe na kaburi zao kando, kama inawezekana. Ndiyo maana tunakuta makaburi ya mapadri na masista pamoja, mara nyingi karibu na msalaba mkubwa; na upande mwingine tunakuta safu ya vilima vidogo vidogo, ambavyo watu hudhani ni matuta ya shamba la zamani. Si matuta. Ni watoto. Jamaa inayotafuta mtoto aliyekufa wakati wa surua ianzie pale.

Kanuni 1239 iliwapa wakatekumeni heshima moja na wabatizwa. Jambo hili ni kubwa kwetu. Kardinali Lavigerie aliagiza kwamba mtu afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Wengi walikufa katika miaka ile wakiwa na medali tu shingoni. Hao waliweza kuzikwa ndani ya lupango uliobarikiwa, lakini hamtawaona katika buku la mabatizo. Msiseme basi: «Nkambo yetu hayumo katika buku, basi hakuzikwa hapa.» Labda mauti ilimkuta njiani.

Mwisho, kanuni 1212 iliagiza pawepo mahali pengine, penye ua na ulinzi, kwa ajili ya wale ambao Kanisa halikuweza kuwazika. Juu ya mahali pale tutasema mbele.

IV. KUSOMA KABURI LISILO NA MAANDIKO

Misalaba ya kwanza ilikuwa ya miti, na mchwa haumheshimu mtu. Lakini kaburi lina alama nyingine. Mawe yaliyopangwa kwa duara au kwa mstari hayakujipanga yenyewe. Vigae vya chungu na sahani zilizovunjwa vinaonyesha kwamba jamaa ilifuata desturi yake ya kumwachia marehemu vyombo vyake. Mti wa mnyaa uliopandwa peke yake, au mwembe wa zamani uliosimama bila nyumba karibu, una sababu. Na udongo uliozama kwa urefu wa mtu, majani yake ni ya kijani zaidi kuliko ya jirani.

Penye jiwe au simenti, maandiko yakiwa yamefifia, msiyakwangue kwa kisu wala kwa brosi ya chuma. Jiwe la miaka 80 linavunjika kama mkate mkavu, na herufi ikianguka hairudi. Njooni asubuhi sana au jioni, jua likiwa chini. Mwanga wa kando hutia kivuli ndani ya herufi na kuzifufua. Jua likiwa juu, mtu mmoja ashike kioo na kuutupa mwanga kutoka kando. Kisha andikeni neno kwa neno kama lilivyo, hata kama mnaona limekosewa, wala msitie jina ambalo mnafikiri tu. Mwenye simu apige picha ya kaburi lote na picha ya maandiko.

Sisi tulianza na msalaba wa katikati. Kutoka pale tulihesabu hatua, safu kwa safu, tukachora ramani katika daftari na kulipa kila kaburi namba yake, lenye jina na lisilo na jina sawasawa. Wazee walikaa kivulini, na kwa kila safu tuliwauliza: nani alilia hapa? Swali hili linazaa kuliko kuuliza nani amezikwa hapa. Mzee anaweza kusahau jina la marehemu, lakini anakumbuka kwamba alipokuwa mtoto alimwona mama fulani amekaa mahali pale akilia. Na kwa mama yule tunafika kwa marehemu.

V. MABUKU YA PAROKIA

Baada ya udongo yanafuata mabuku. Kila parokia ina buku la mabatizo, la ndoa na la wafu. Sheria ya 1917, katika kanuni 1238, iliagiza kwamba baada ya maziko padri aandike jina na umri wa marehemu, jina la wazazi wake au la mwenzake wa ndoa, wakati wa kufa, nani alimpa sakramenti na zipi, tena mahali na siku alipozikwa. Mahali pa kuzikwa! Neno hili dogo limetusaidia kulipa jina zaidi ya kaburi moja.

Buku la mabatizo linasema mengi kuliko watu wanavyofikiri. Pembeni mwa ukurasa imeandikwa kipaimara na ndoa, siku na parokia. Aliyebatizwa kwetu akaolewa mbali, habari ya ndoa yake ilirudishwa kwetu. Hivi kwa mstari mmoja mnaweza kumfuata bibi yenu mpaka kijiji alichozalia watoto. Maneno ya Latini yasiwaogopeshe, ni machache na yanarudi daima. *Filius* ni mtoto mwanaume, *filia* ni mtoto mwanamke. *Patrinus* na *matrina* ni baba na mama wa ubatizo. *Obiit* ni alikufa. *Sepultus* ni alizikwa. *In periculo mortis* ni kwamba alibatizwa katika hatari ya kufa. Makatekista wapo kuwasomea.

Na kama buku limeungua au limeliwa? Katika vita tangu 1964 mpaka siku zetu, parokia nyingi za upande wetu ziliporwa. Lakini tusikate tamaa. Kanuni 470 ya sheria ile ya zamani iliagiza kwamba kila mwisho wa mwaka paroko apeleke nakala ya mabuku kwenye ofisi ya Askofu. Vile vile Kardinali Lavigerie aliwaagiza Mapadri wake waandike habari za kila misioni katika buku la kila siku, na nyingi kati ya habari zile zinalindwa katika nyumba kuu ya Wamisionari wa Afrika kule Roma. Kilichopotea kwetu kinaweza kuwa kizima mahali pengine.

VI. JUU YA MAJINA

Shida kubwa iko katika majina. Wazee wetu hawakuwa na jina la jamaa lililopita kutoka baba kwa mtoto kama kwa Wazungu. Kila mtoto alikuwa na jina lake. Basi ndugu watano wa tumbo moja wanaonekana katika buku kama watu watano wasiojuana, na ni majina ya wazazi tu yanayowaunganisha. Msitafute kwa jina moja tu. Tafuteni kwa jina la baba, la mama na la kijiji, pamoja.

Tena padri aliandika baba kwanza, kwa desturi ya kwao. Lakini kwa Watabwa na kwa Wahemba ukoo unapita upande wa mama. Anayemfuata baba tu katika buku ataacha jamaa yake mlangoni na kuingia nyumba nyingine. Watoto wa ukoo ule wafuate jina la mama, kisha la kaka ya mama.

Ongezeni kwamba mwaka 1972, wakati wa Zaire, serikali ilikataza majina ya kikristu. Aliyebatizwa Petro alipata jina lingine katika karatasi za serikali, na tangu 1990 wengi walirudia jina lao la kwanza. Mtu mmoja ana majina matatu, na kila jina liko katika buku lingine.

Mfano mzuri ni Mwenye heri Anuarite, bikira na mfiadini wetu. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nengapeta. Anuarite lilikuwa jina la dada yake, nalo liliandikwa kwa jina lake siku ya kuingizwa shule. Kwa jina lile dunia nzima inamwomba leo. Alipouawa Isiro, tarehe 1 Desemba 1964, alitupwa katika kaburi la wengi. Baadaye wenzake walipomtafuta, walimtambua kwa sanamu ndogo ya Bikira Maria aliyokuwa nayo. Jina lilikuwa limeandikwa vibaya, kaburi halikuwa na alama, lakini ndugu hawakuacha kumtafuta. Tarehe 15 Agosti 1985 Baba Mtakatifu Yoane Paulo II alimtangaza Mwenye heri kule Kinshasa.

VII. SHAURI GUMU

Sasa tumefika kwa neno ambalo tungalipenda kuliruka, lakini haki hairuki.

Katika kurasa za zamani, mbele ya majina mengi, pale panapotakiwa kuandikwa baba na mama, pameandikwa maneno mawili: *parentibus ignotis*. Maana yake ni kwamba wazazi hawajulikani. Hao ndio watoto waliokombolewa. Waliletwa mbali na kwao, wengine wadogo hata hawakujua kusema jina la kijiji chao. Walikua katika misioni, wakaoa na kuzaa. Na watoto wa watoto wao ni sisi tuliokaa hapa leo. Hakuna anayeweza kutazama mabenchi haya na kusema kwa hakika: huyu ametoka kwao, yule hakutoka.

Kazi yetu ilipoanza kujulikana, jamaa moja ilikuja kutuomba tuufunge ukurasa wa nkambo yao. Walikuwa wamefundishwa tangu utoto kwamba yeye ni mtoto wa mlango wa mtemi, na kwa neno lile wanalima shamba lao. Siku chache baadaye vijana wa jamaa nyingine walikuja kutaka ukurasa ule ule ufunguliwe, ili wapate kuwaambia wa kwanza: ninyi ni watu wa kununuliwa, udongo huu si wenu. Hapo tulifahamu kwamba buku la ubatizo linaweza kugeuka panga. Inchi yetu ya mashariki imeona damu nyingi kwa ajili ya swali lile la nani mwenyeji na nani mgeni. Hatuwezi kulichezea.

Kati ya makatekista wenyewe mawazo yalikuwa mawili. Wengine walisema: kweli ni kweli, yasomwe yote yaliyoandikwa. Wengine walisema: tuache, waliolala wamelala. Mama mmoja mzee, ambaye nyanya yake ana maneno yale mawili mbele ya jina lake, alitusikiliza sana, kisha akasema: «Mimi nataka kusikia. Lakini nataka kusikia mimi, si jirani yangu.» Neno lake lilitusimamisha.

Wazee wa pwani walisema: mwacha asili ni mtumwa. Lakini wankambo wetu wale hawakuacha asili yao, walinyang'anywa. Aibu ni ya aliyewakamata. Mwinjili Matayo alipoandika ukoo wa Bwana wetu, hakumficha Rahabu wa Yeriko, wala Ruti Mmoabu, mgeni asiye na shamba, aliyeokota masuke nyuma ya wavunaji. Kutoka kwa mgeni yule alizaliwa mfalme Daudi. Na sisi sote, wa mtemi na wa kununuliwa, tumekombolewa kwa bei moja juu ya msalaba mmoja.

Tena tumegundua jambo la faraja. Mbele ya kila mtoto asiye na wazazi pameandikwa *patrinus* au *matrina*, jina la mkristu aliyemshika mbele ya maji ya ubatizo. Tulipofuata majina yale, tuliona kwamba mara nyingi baba wa ubatizo alimlea, alimtolea mahari, alimpa mwiko na jina la ukoo wake. Hata katika malalo makaburi yao yanafuatana. Basi wazazi wale hawakukosekana kabisa. Mungu aliwaandika katika safu nyingine ya ukurasa ule ule. Anayekuta nkambo yake hana baba, asifunge buku. Asome mbele kidogo.

Shauri letu, ambalo tunaliweka mbele ya Monsinyori na Baba Paroko, ni hili. Katika Misa ya wafu yasomwe majina yote yaliyopatikana, kwa utaratibu wa miaka, jina na mwaka tu, bila kutaja asili ya mtu. Makaburi yasiyo na jina yapewe msalaba mmoja sawasawa. Mabuku yakae mikononi mwa paroko, kama inavyoagiza kanuni 535 ya Sheria mpya za 1983, yasiingie katika mikono ya wasiohusika. Kila jamaa ije kusomewa ukurasa wake, isije kwa ukurasa wa jirani. Na mtu asitumie maandiko ya ubatizo kuwa shahidi katika ugomvi wa shamba. Maandiko yale yanasema mtu alizaliwa mara ya pili siku gani. Hayasemi udongo ni wa nani.

VIII. NJE YA LUPANGO NA NG'AMBO YA ZIWA

Tulisema kwamba palikuwa na mahali pengine, nje ya udongo uliobarikiwa. Pale wamelala wazee waliokataa ubatizo, waume wa wake wengi, na watoto waliokufa kabla ya maji ya ubatizo kuwafikia. Kwa zamani jamaa nyingi ziligawanyika hivi: mke ndani, mume nje, ukuta wa miti katikati. Kanisa limefikiri zaidi juu ya jambo hili. Sheria za 1983, katika kanuni 1183, zinampa Askofu ruhusa ya kukubali maziko ya kikristu kwa mtoto ambaye wazazi wake walitaka kumbatiza. Sisi tumesafisha pande zote mbili za ua kwa jembe moja. Aliyekufa bila ubatizo ni mzazi wetu vile vile, na amri ya nne haikuweka ua.

Tusiwasahau walio mbali zaidi. Vita vya 1996 na 1998 viliwavusha ndugu zetu wengi ziwa mpaka Kigoma. Wakakaa katika kambi za Nyarugusu na Lugufu, na wengine wamezikwa pale. Lugufu ilifungwa mwaka 2009, na watu wakahama. Makaburi hayahami. Mwenye kujua ndugu aliyelala kule aje kutuandikisha jina, mwaka na mahali, angali anakumbuka. Na kwa malalo ya kando ya maji, tufanye haraka: katika miaka ya karibuni ziwa limepanda na kuzamisha nyumba Uvira na Kalemie. Maji yanayoingia nyumba ya mzima hayatauliza mbele ya kaburi la mfu.

IX. MAOMBI YETU

Ndugu wapendwa, tunaomba mambo manne. La kwanza: kila jamaa iandike kabla ya tarehe 2 Novemba majina ya wazee wake mpaka kizazi ambacho hakuna anayekumbuka tena, pamoja na kijiji na mahali pa kaburi. La pili: vijana wakae na wazee jioni moja na kuandika wanayoyasema, kwa maana kila mzee anayekufa ni buku lisilo na nakala. La tatu: wenye mashamba yanayopakana na malalo wasimame pale ulipo mstari wa mawe, nasi tutapanda miti ya mpaka pamoja nao, kwa amani. La nne: kila jumuiya ya kikristu ichukue safu moja ya makaburi, yenye majina na yasiyo na majina, iisafishe na kuiombea kila mwaka.

Kwa Monsinyori na Mapadri wageni tunaomba kwa heshima: mnapokuta katika mabuku ya parokia zenu mtu aliyezaliwa kwetu, tuleteeni jina lake. Nasi tutafanya hivyo kwa watu wenu waliolala kwetu. Mmoja wa watoto wale wasiojulikana wazazi labda ana ndugu katika buku lenu, akingoja tangu zaidi ya miaka 100 kuitwa pamoja naye.

Sisi hatuwezi kuyaandika majina yote. Yako makaburi ambayo yatabaki na namba tu katika daftari letu mpaka siku ya mwisho. Lakini Mchungaji Mwema anawaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake, naye hahitaji jiwe wala simenti. Siku atakapowaita wa malalo yetu, wa ndani na wa nje ya lupango, wa mtemi na wa kununuliwa, atujalie sisi tusimame kati yao bila haya, kama watoto waliowajua wazee wao.

Pumziko la milele uwape, ee Bwana. Na ninyi nyote, Yubile njema.